Vidonge vya Goti la Bibi

Mimi naitwa Thuweiba, nakaa Mabela na mama yangu na bibi yangu, na nnaandika haya nikiwa mzima, nimekaa kitako kwenye kiti bila ya mto mgongoni. Nalisema hilo mwanzo kabisa, ili anayesoma huku anaumwa asiingie na hofu. Mwisho wake ni mzuri.

Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa kuchekacheka tu. Shule sikuwa hodari, hisabati ilinishinda mapema, lakini nilipoingia kozi ya usaidizi wa wauguzi nikajikuta niko nyumbani. Kupima presha, kumgeuza mgonjwa, kumlisha mtu uji bila ya kumharakisha, mambo hayo nilikuwa nayaweza. Ndoto yangu ilikuwa siku moja niwe mkunga, na bado iko pale pale. Hospitali moja ya binafsi ikanambia nafasi ipo, nisubiri miezi miwili, kisha nifanye vipimo vya afya nianze kazi. Siku ile ile nikanunua viatu vyeupe. Nikawa navivaa ndani ya nyumba ili vizoee mguu, na Mama akipita hunambia, "Wewe muuguzi wa sebuleni, zamu yako inakwisha saa ngapi?"

Wakati huo Bibi alikuwa katoka kufanyiwa operesheni ya goti. Tulikuwa na dada wa kazi, Prossy, Mganda mwenye mikono ya nguvu kuliko sisi sote, lakini Bibi hataki mtu asiye wa damu yake amuone bila ya nguo. Basi nikawa namuogesha peke yangu. Kozini tulifundishwa kuwa mgonjwa mzito hanyanyuliwi na mtu mmoja. Nilijua. Siku moja Bibi kateleza kwenye kiti cha kuogea, nikamdaka makwapani, nikamvuta juu huku nimejipinda. Nikahisi kitu kiunoni kama uzi uliokatika. Bibi alikaa salama. Mimi nilibaki nimeinama, siwezi kurudi juu, na tukaanza kucheka sote wawili.

Kesho yake sikucheka. Maumivu yalitoka kiunoni, yakapita kwenye kalio, yakashuka nyuma ya paja mpaka kidole cha mwisho cha mguu. Nikipiga chafya machozi yananitoka. Chooni siwezi kukaa, najishika kwenye sinki na nusu ya kazi naifanya nimesimama. Unyayo ukafa ganzi, nikawa napoteza kandambili njiani bila ya kujua.

Daktari aliniuliza kama mkojo nauweza kuuzuia, akanigonga magoti, akapiga picha. Kanambia diski ya uti wa mgongo imetokeza na inabana mshipa wa fahamu. "Haitaki kisu," kasema. "Inataka mazoezi na subira." Akaniandikia dawa mbili za wiki mbili, moja ya maumivu na moja ya kulegeza misuli, na akanambia zikimalizika nirudi.

Sikurudi, na sababu ni kopo.

Nyumba nyingi za watu wetu tunaosema Kiswahili huku Mabela zina kopo kama lile. Letu ni la biskuti, la bati, linakaa juu ya friji. Dawa iliyobaki kwetu haitupwi, ni israfu. Ami yangu anayekaa Ansab aking'oa jino, vidonge vilivyobaki huvileta kwetu. Mgeni akikohoa, Bibi huteremsha kopo, hukata kwa mkasi kipande cha pakiti chenye vidonge viwili na kumfungia kwenye tishu aende navyo. Hayo ndiyo mapenzi yake, mtu hatoki kwetu mikono mitupu. Ila mkasi ukishapita, kidonge kinaondoka huku na jina lake linabaki kule.

Bibi alipoona nalala chali kwenye zulia akasema, "Mjukuu wangu unaumwa na mie nna dawa? Chukua hizi za goti. Mie zinanizungusha kichwa."

Zilikuwa tramadol, dawa kali ya maumivu. Kwenye kipande cha kwanza jina lilikuwepo, nikalisoma. Kozini tuliambiwa hiyo ni dawa ya kufungiwa kabatini kwa ufunguo. Nikalisoma, na nikanywa.

Nilianza na moja mchana. Maumivu yakasogea mbali, kama yamo chumba cha pili. Baada ya wiki nikawa nakunywa mbili, kisha tatu. Pua ikawa inaniwasha, mdomo mkavu, na tumbo likafunga siku nne nzima, Mama ananipa mafuta ya zeituni hayasaidii kitu. Lakini nilikuwa natembea. Nilikuwa navaa viatu vyangu.

Siku moja tulikwenda Hail kwa khaloo wangu, dada yake Mama, na vidonge nikavisahau. Baada ya chakula cha mchana nikaanza kupiga miayo isiyokwisha. Pua ikatiririka, mwili ukasisimka vinyweleo, miguu haitaki kutulia. Wote wakasema nimepata mafua. Tukarudi Mabela, nikameza kimoja, na haikufika saa nzima mafua yote yakaondoka. Nilikaa kitandani nikajiuliza, mafua gani haya yanayopona kwa kidonge cha goti? Jibu nilikuwa nalo. Nikalifunga ndani ya kopo pamoja na vidonge.

Siku ya vipimo ikafika, nikenda kituo cha kupimia nilichoelekezwa na hospitali. Kwanza wanakupa fomu, uandike kila dawa uliyokunywa mwezi uliopita. Nikaandika zile mbili za daktari, zenye jina langu. Nilijiambia kuwa ya tatu imetoka nyumbani, kapewa Bibi hospitali, haiwezi kuwa madawa ya kulevya. Kisha wakachukua mkoba wangu, wakanipeleka choo ambacho maji yake wameyatia rangi ya buluu na bomba lake limefungwa, mtu asije akachanganya maji, wakanipa kikombe cha mkojo. Nikarudi nacho, kikafungwa mbele yangu kwa karatasi ya kunata, nikatia saini.

Siku chache baadaye daktari wa kituo kile akanipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya upole. Kanambia kuna kitu kimeonekana ambacho hakimo kwenye fomu yangu, na kabla ya kupeleka jibu popote ni lazima anisikilize. Nije asubuhi.

Niliwaza kazi, niliwaza polisi, niliwaza Mama atawaambia nini majirani. Bibi alikuwa kitini pake, kasikia kila kitu. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa utulivu kabisa, "Waambie mie nilikutilia kwenye chai. Mie mzee, watanifanya nini?"

Nilimtazama. Alikuwa hatanii. Angekwenda na goti lake lile akasema uongo mbele ya daktari, kwa ajili yangu. Hapo ndipo nilipolia, na nikamwambia, "Bibi, uongo mmoja nimeshauandika. Wa pili siuwezi."

Asubuhi nikateremsha kopo kutoka juu ya friji, nikenda nalo.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka puani. Nilimuwekea kopo mezani, nikamueleza yote, kuanzia kiti cha kuogea mpaka mafua ya Hail. Hakunikatiza. Akafungua kopo, akamwaga vipande vyote mezani, akawa anavipanga kimoja kimoja kama mtu anayechagua mchele. Vingine hata yeye hakuvijua. Akashika kimoja, akauliza, "Hiki ni cha nani?"

Nikasema sijui.

"Na ungempa mgonjwa wako kitu ambacho hujui ni nini?"

Nikasema hapana.

"Basi na wewe ni mgonjwa," kasema.

Akanieleza kuwa mwili wangu umekizoea kile kidonge, na kwamba hilo linatibika, ila nisiache ghafla na nisijiachishe peke yangu. Lakini jibu lazima alipeleke kama lilivyo, na hospitali ndiyo itakayoamua. Hospitali ikaamua. Nafasi kapewa mwengine. Nilirudi nyumbani na kopo tupu, nikaviweka viatu vyeupe ndani ya boksi lake.

Kunitoa kwenye dawa kulichukua wiki kadhaa. Daktari yule akaandika kipimo cha dawa kwa jina langu, kinachopungua kidogo kidogo, na Mama ndiye aliyekuwa anavishika vidonge. Sitadanganya kuwa ilikuwa raha. Jasho lilinitoka na kiyoyozi kinapiga, tumbo lililokuwa limefunga likafunguka lote kwa pamoja, na hasira zangu alizipata Prossy, ambaye hakuwa na kosa lolote. Nilimuomba radhi. Akanambia, "Wewe ulikuwa unakasirika kwa sauti ya paka, mimi sikuogopa."

Mgongo nao ukapata haki yake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kulala, kuamka, kuinama, kana kwamba nimezaliwa jana. Kila alasiri nikawa natembea, kwanza mpaka mwisho wa ukuta wetu, halafu mpaka msikitini, halafu msikiti nikaupita. Na Bibi, baada ya maneno mengi, akakubali Prossy amuogeshe, kwa sharti afumbe macho. Prossy anaapa mpaka leo kuwa anafumba. Siku niliyokaa chini na wenzangu kwenye sinia, nikala wali mpaka mwisho bila ya kubadilisha kalio, Mama aliacha kula akawa ananitazama tu.

Miezi ikapita, nikaomba kazi kliniki ndogo. Fomu ilikuwa ya namna ile ile. Safari hii niliandika yote, hata tramadol, siku niliyoanza na siku niliyoacha, na barua ya daktari nikaiambatanisha. Kikombe kikajibu kuwa mwili wangu hauna kitu, na meneja akanambia barua ile ndiyo iliyomfanya aniamini.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama, na yule daktari mwenye miwani puani. Wewe unayekwenda kupimwa, au unayeumwa tu nyumbani, dawa iliyoandikwa jina la mwenzako muachie mwenyewe, hata akikupa kwa mapenzi. Na kama umeshakunywa, sema. Mimi nilipoteza kazi kwa nilichokificha, na nikapata kazi kwa nilichokisema.

Juzi nilirudi kutoka zamu na viatu vyangu vyeupe, nikamkuta Bibi kalitaka kopo lake, maana jirani kaja anakohoa. Akalifungua. Ndani mna biskuti za tende nilizozijaza mimi. Bibi akanitazama, akamtazama jirani, akachukua tishu, akamfungia mbili.