Gari Jekundu la Newala Lisilotaka Kutulia

Ujumbe wa dada ulinifikia Masasi kwa mdomo wa dereva wa lori. Alisimama mbele ya karakana, hata injini hakuzima, akanieleza kwamba shemeji yangu wa Newala amenunua gari dogo jekundu la mbio, la viti viwili, halina paa, na kwamba limemshinda. Likiwa limesimama injini inalia kana kwamba linapanda mlima, na akiachia klachi kidogo tu linaruka. Dada alitaka nifike kabla vijana hawajatoka jandoni, maana shemeji alimwahidi mtoto wao Selemani, siku alipoingia huko, kwamba atakuja kumchukua kwa gari.

Dada alidhani ananitwisha mzigo. Kumbe mimi usingizi ulinipaa kwa furaha. Tangu nishike spana kazi yangu ilikuwa malori na vigari vya misheni. Gari la mbio nililiona mara moja tu, likielekea Nachingwea enzi zile Wazungu wanafyeka msitu walime karanga, likanipita na kuniachia vumbi mdomoni. Mashamba yale yalipokufa, wenyewe waliuza vitu wasivyoweza kuondoka navyo, na sasa kimoja kimeingia ukoo wetu! Nilifunga spana zangu katika turubai nikaenda kumwomba ruhusa tajiri wangu. Aliniangalia usoni, akasema niende tu, kwani hata nikibaki nitakuwa sina faida.

Alhamisi asubuhi tulitoka Masasi, mimi nikiwa juu ya magunia. Tuliyapita majabali, tukapita Lisekese ambako watu walikuwa wakienda sokoni na kuku na unga wa muhogo, na kila aliyepanda nilimweleza ninakokwenda na ninachokwenda kufanya. Mama mmoja wa Kimakonde alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama gari la namna hiyo nimewahi kulifungua. Nikamjibu kwamba injini ni injini. Akasema, "Haya, fundi," akageuka kutazama mikorosho.

Mchana tulianza kupanda mteremko wa uwanda wa Makonde. Lori lilikwenda kwa gia ya kwanza, utingo akitembea nyuma na gogo la kuzuia tairi. Barabara ilikuwa nyembamba, na wanawake waliokuwa wakipanda na maji kutoka bondeni ilibidi wajitupe kwenye majani kutupisha. Kila mmoja alishika mtungi wake kwa mikono miwili mpaka tulipopita. Niliwapungia mkono na hakuna aliyeweza kunipungia. Sikulifikiria sana jambo hilo wakati ule, maana kichwani mwangu mlikuwa na kabureta tu.

Newala tulifika alasiri, na gari nilikutana nalo kabla ya dada. Lilikuwa limesimama juani mbele ya nyumba, jekundu, limechuchumaa chini, taa zake mbili kubwa zimetokeza. Nilisahau hata kusalimia. Dada, ambaye pale wanamwita Mama Selemani, alisimama kando yangu kwa muda, akauliza kama shikamoo yake nimeiacha Masasi. Nikamwamkia haraka. Shemeji akacheka, akaliwasha.

Lililia mpaka kuku wakakimbia. Mguu wake haukuwa hata karibu na moto, ile pedali ya kuongezea mwendo.

Wakati wa chakula nikaambiwa lililo zito. Siku chache nyuma shemeji alisimama njiani kumpisha jirani, Bibi Somoe, aliyekuwa akitoka bondeni na mtungi kichwani. Gari likaruka. Bibi naye akaruka, mtungi ukaanguka ukavunjika. Newala maji hayako mlangoni. Mtu huondoka alfajiri akarudi jua limepanda. Dada alimpa mtungi mwingine akamtekea mwenyewe, lakini neno halikuisha. Wazee walisema kwamba siku ya vijana kutoka, njia itajaa akina mama na watoto, basi gari halitapita mpaka Bibi Somoe, aliyekosewa, akubali mwenyewe. Shemeji alinieleza haya akiwa ameinama. Kilichomkera si wazee. Ni kwamba mtoto yuko jandoni anangoja gari, na hakuna wa kumpelekea habari kwamba baba ameshindwa.

Jioni ile nililipekua gari. Nilitazama kebo ya moto kama imekwama, nikaiona inateleza vizuri. Springi ilirudi yenyewe. Choki, kile kiziba hewa, ilikuwa imefunguka. Nikatia mafuta kila kiungo, nikakaza skrubu zote nilizozifikia, nikalala na matumaini.

Ijumaa alfajiri ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanda, na gari lote limelowa umande. Nikaliwasha. Likatulia, linaunguruma taratibu kama paka! Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Shemeji alinikumbatia, na mimi nikaanza kueleza jinsi mafuta yangu yalivyofanya kazi. Tulikunywa uji kwa vicheko.

Kabla ya adhuhuri lilikuwa linalia tena, na zaidi ya jana. Bibi Somoe alipita njiani na kuni zake, akasimama kulisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda zake. Shemeji alizima injini akaingia ndani, na bora angenitukana.

Alasiri, wapigaji ngoma walikusanyika kwa ajili ya kesho, siku ya vijana kutoka. Nilikwenda kuketi nao ili nisikae na shemeji. Fundi wao, Mzee Chingwile, aliwasha nyasi kavu, akazielekeza ngoma motoni moja moja, akizipiga kwa kidole na kutega sikio. Ngoma iliyoanza kwa sauti ya kulegea ilipanda, ikapanda, mpaka ikalia kwa ukali. Nilimuuliza kwa nini asizikaze mara moja zikabaki hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini tunakula kila siku.

"Ngozi usiku inakunywa umande, inalegea," alisema. "Ikiona moto inajivuta. Ndivyo ilivyo."

Niliinuka pale pale. Asubuhi na umande, gari kimya. Jua likipanda na injini ikipata moto, linalia. Nilikimbia mpaka kwa shemeji nikamuuliza kama aliwahi kuifungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Alikubali kwa fahari: aliitoa kusafisha vumbi, gasketi yake, kile kipande cha kuziba kiungo, ikachanika, basi akamwomba Mzee Chingwile kipande cha ngozi ya ngoma, akakikata vizuri na kukitoboa mashimo ya bolti. Kwake hiyo ndiyo ngozi ngumu kuliko zote, maana inapigwa usiku kucha haipasuki.

Nilimwomba dada maji. Aliniuliza ya kunywa au ya kunawa. Nikamwambia ya gari, naye akanipa nusu kikombe bila kuniondolea macho. Nililowesha kitambaa, injini ikiwa inalia, nikakizungushia pale kabureta inapoungana na bomba la injini. Kilio kikashuka. Nikakiondoa, kikapanda. Nikakirudisha, kikashuka tena. Injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi kwenye kiungo kile, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Tulipofungua, ngozi ilikuwa imejikunja kama ganda la chungwa, imeachana na bolti zake. Gasketi ya dukani Newala haikuwepo. Dada alileta boksi la viatu vipya vya Selemani, akakata kifuniko kwa mkasi wake. Nikakiloweka mafuta ya injini, nikakikunja mara mbili, nikakichonga, tukafunga. Jua lilikuwa bado kali. Nikaliwasha, likatulia. Safari hii sikupiga kelele. Nilililinda kwa masikio mpaka jua likazama, nalo halikubadilika.

Jumamosi, jua likiwa utosini, tulikuwa kwenye njia ambayo vijana wangetokea. Ngoma zilikuwa zimekazwa, akina mama wamejipaka unga usoni, vigelegele vimeanza kabla ya wakati. Gari lilinguruma taratibu katikati yao. Bibi Somoe alikuja na mtungi uliojaa hadi mdomoni. Aliweka ngata yake ya kichwani juu ya boneti, akaweka mtungi juu ya ngata, akaondoa mikono.

"Mimi injini siijui, ninajua maji," alisema. "Yakimwagika, mtoto atakuja kwa miguu kama baba yake alivyotoka jandoni."

Wapigaji wa ngoma waliacha kupiga wenyewe. Niliona uso wa maji ukitetemeka, vijiduara vidogo vidogo, moyo wangu ukanienda mbio kuliko injini. Hakuna tone lililovuka ukingo. Bibi alingoja, akangoja tena. Kisha akautwaa mtungi, akamwomba shemeji azime, amfungulie mahali gari linaponywea. Injini ilipopoa akamimina maji yale mwenyewe, maji aliyoyatoa bondeni tangu alfajiri, mpaka radieta ikajaa. Dada alilia waziwazi, na mimi sikuwa mbali naye.

Selemani alikuja na nguo mpya, kichwa chini kama inavyotakiwa, lakini alipofika kwenye mlango mwekundu heshima ilimshinda, akatabasamu. Wakaenda polepole kiasi cha akina mama kucheza pande zote mbili za magurudumu.

Jumapili shemeji alinirudisha Masasi yeye mwenyewe. Nilichojifunza nimekirudia kwa kila kijana wa karakana yetu: gari lisikilize asubuhi, lisikilize mchana, ndipo ushike spana. Lakini lipo lingine, nililijua tukiwa kwenye mteremko. Wanawake walikuwa wanapanda na mitungi, wakaanza kujitupa kwenye majani. Shemeji aliliweka gari pembeni kabisa na kuliacha lingurume chinichini. Bibi Somoe alikuwa wa mbele. Alibaki barabarani, wenzake wakamfuata, na alipofika usawa wangu aliachia mtungi mkono mmoja akanipungia.