Dirisha Lililofungwa Mpaka Kihambani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufunguo. Mkuu wa Usafiri, mzee wa Kipare aliyeendesha malori tangu enzi ya Mwingereza, aliniketisha kwenye usukani wa Landrova iliyosimama uani, akafunga madirisha yote, akakaa kando yangu. Nje mvua ya masika ilikuwa inamwagika. Tulikaa hivyo, tukipumua tu, mpaka kioo cha mbele kikawa cheupe kama maziwa.

"Unaliona geti?" akaniuliza.

"Silioni, mzee."

"Nani amelificha?"

Nikasema ni mvua. Akatikisa kichwa. "Mvua iko nje. Geti umelificha wewe kwa pumzi yako. Na huko mlimani, bonde litakalokuua utalificha mwenyewe."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa kijana wa Shirimatunda mwenye leseni mpya. Kazi hiyo ya kwanza ilikuwa ya kubeba kahawa kuishusha mjini. Pale nilifundishwa kwamba unyevu ndani ya gari una milango yake, na dereva lazima aijue. Kuna mpira unaoshika kioo cha mbele. Ukikakamaa na kupasuka, maji hupenya na kutiririka chini ya dashibodi. Kuna vitundu chini ya milango vya kutolea maji. Vikizibwa na tope, mlango hugeuka ndoo. Kuna zulia la sakafuni, ambalo juu linaweza kuwa kavu na chini linaoza. Na kuna watu wenyewe, pumzi zao na nguo zao zilizolowa. Tulikausha sakafu kwa magazeti, tukaweka chini ya viti vifuko vya maganda makavu ya kahawa yanywe unyevu wa usiku. Kioo tulikipaka sabuni kavu na kukisugua kwa kitambaa mpaka king'ae, au tukakisugua kwa tumbaku. Lakini dawa yenyewe hasa ilikuwa moja: fungua madirisha kidogo, kulia na kushoto, hewa ipite.

Baadaye nilihamia hospitali moja ya mjini, nikakabidhiwa gari la kupeleka marehemu makwao. Nyie vijana mnajua kwamba Mchagga hazikwi mjini kama nduguze wana uwezo wa kumpandisha. Hurudishwa kihambani, kwenye shamba la migomba na kahawa alipozaliwa. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu kwa miaka mingi, na nitawaeleza safari moja tu.

Ilikuwa wakati ule wa uhaba, sabuni kwa foleni na vipuri kwa kujuana. Hita ya gari langu, ile ya kukausha kioo, ilikuwa imekufa. Nilipomwendea Bwana Karakana alinionyesha rafu tupu. "Ukiona hita popote Tanzania hii, na mimi niletee," akasema. Masika yale nilipewa kumpeleka Kibosho, juu mlimani, kijana aitwaye Severini, aliyefia kwenye mashamba ya miwa huko tambarare. Mama yake, Mama Aloisi, alikaa mbele pamoja nami. Mdogo wa marehemu, Kanuti, alikaa nyuma na jeneza. Kati yetu na nyuma palikuwa na bati lenye kidirisha cha wavu. Wote wawili walikuwa wamelowa chapachapa, na juu ya jeneza walikuwa wameweka majani mabichi ya mgomba.

Tulipoanza kupanda, ukungu ukashuka, na kioo kikaanza kuziba. Nikanyoosha mkono kufungua dirisha. Mama Aloisi akaushika.

"Usifungue, baba."

"Mama, sioni njia."

"Usifungue mpaka tufike kihambani."

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama asiyetaka wa nyuma asikie. Mwanawe wa kwanza, Aloisi, alifia Tanga na kuletwa kwa lori miaka ya nyuma. Walipofika kwenye daraja la huku juu, dereva alifungua dirisha apate hewa. Mama mwenyewe, aliyekuwa ameshika jeneza, alilihisi likiwa jepesi ghafla. "Tulimzika," akasema, "lakini hakufika. Wanaopita darajani jioni wamemsikia. Anauliza kwao ni upande gani."

Nilitazama tena dirisha. Lakini mama mwenye maiti ya mtoto huwezi kubishana naye. Nikaendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukifuta kioo kwa kitambaa. Nilipofuta huku, kule kulikuwa kumeshaziba. Mama alikuwa akizungumza na mwanawe njia nzima: "Severini, hapa ni kanisani. Severini, tunakata kona ya sokoni." Kila neno lake lilitoka na mvuke na kwenda kutua kwenye kioo.

Tulipokaribia daraja lile sikuona chochote tena. Daraja lenyewe lilikuwa la mbao, halina kingo, na chini yake ni korongo. Nikasimama.

"Mama, hapa tutakufa sote. Acha nifungue."

"Kanuti ashuke atuongoze," akasema. "Lakini mlango afunge upesi."

Nikapaza sauti kwenye wavu: "Kanuti! Shuka, tangulia mbele!" Mvua ilikuwa ikipiga bati la juu kama kokoto. Nikafuta kitundu cha ukubwa wa kiganja, nikachungulia. Baada ya muda mfupi nikaona shati jeupe mbele ya gari. Alisimama katikati ya njia, ametugeuzia mgongo, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea kulia.

"Mfuate," Mama Aloisi akanong'ona.

Nikamfuata. Aliponyoosha mkono kushoto, nikakata kushoto. Mbao zikaanza kulia chini ya magurudumu. Nyuma nilisikia kugongwa, ko, ko, ko, nikadhani ni jeneza linacheza. Yule mtu hakugeuka hata mara moja. Tulipogusa udongo wa ng'ambo alisogea pembeni kwenye migomba, nami nikasimama apande.

Hakuja. Nikashuka kumwita. Nilipozunguka nyuma ya gari ndipo nikaona kwamba mlango bado umefungwa kwa komeo la nje, kama nilivyoufunga mwenyewe mjini. Nikalivuta. Kanuti alikuwa amekaa kando ya jeneza, ameshika mkono wake.

"Mjomba, mbona hukunifungulia? Nimegonga mpaka mkono umeuma!"

Alikuwa amevaa koti jeusi.

Nikaufunga tena mlango. Mama Aloisi alikuwa hajashuka. Nilipoketi tena, hakuniuliza kitu. Aliendelea kuzungumza mpaka tukafika kwao, ila sasa hakusema "Severini" peke yake. Alisema, "Wanangu, tumefika kwenye mfereji. Wanangu, lile ni geti letu."

Kihambani ndugu walikuwa wanatusubiri. Kabla hajamsalimu mtu, yule mama alipita migombani hadi kwenye kaburi la zamani lililozungukwa na masale, mimea ya heshima ya makaburini, akaweka kiganja juu ya udongo. "Karibu nyumbani, Aloisi," akasema. Kisha akanigeukia. "Sasa fungua madirisha, baba."

Nililala huko. Asubuhi niliteremka peke yangu, madirisha yote wazi, ingawa kioo hakikuwa na hata tone.

Mkuu wangu wa wakati ule, pale hospitali, nilimweleza. Alisema labda alikuwa mpita njia aliyetuhurumia, mtu wa jirani anayelijua daraja. Inawezekana. Sasa nimestaafu, na vijana wenye magari ya kukausha kioo kwa kubonyeza kitufe huniuliza kama naamini ya Kibosho. Huwaambia waangalie kwanza mpira wa kioo na zulia lao.

Karibu na kustaafu kwangu Kanuti alinijia hospitalini. Mama yake alikuwa amefariki, na alikuwa ameacha neno: apelekwe na mimi, na madirisha yafunguliwe yote, kwa sababu yeye njia anaijua. Tulipanda na mvua, ikatulowesha njia nzima, na hakuna aliyelalamika. Njia ilionekana yote. Hata hivyo, nilipofika darajani nilisimama.

"Kuna nini, mjomba?" Kanuti akauliza.

"Nawapisha wanaovuka," nikamjibu.

Alitazama mbele. Hapakuwa na mtu. Tukavuka.