Fundi Anayenusa Oili
Fundi wa mlango wa pili huchomoa kijiti cha kupimia oili, huisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha huinusa, na wateja hunyamaza kama wako kwa daktari. Mimi muuza oili nina daftari la miaka kumi na moja, kila injini na oili yake, na hakuna anayeninyamazia. Jana lililetwa gari la mbio. Alisugua, akanusa, halafu akaja dirishani kwangu akinong'ona, "Kaka, injini hii inakula oili namba ngapi?" Ningeweza kumdanganya, injini imfie mikononi. Nikafungua daftari. "Tano arobaini." Alirudi, akanusa tena, akatangaza, "Tano arobaini. Ila mshukuru yule jirani, ndiye mwenye daftari." Mwenye gari alicheka akidhani ni utani, akaushika mkono wa fundi, na oili yake, kwa mikono miwili.