Bustani ya Mama Albertine Ndani ya Kioo

Jua halijapanda vizuri, na benchi za chumba cha kungojea bado ni tupu. Mama Albertine Chama amekunja mkono wa blauzi hadi begani na kuuzamisha ndani ya tangi la samaki. Kwa vidole viwili anashika mzizi wa jani refu kama utepe, anausukuma ndani ya changarawe, kisha anauwekea kijiwe kando ili usielee.

Kutoka nyuma ya kipande cha gogo kilichozamishwa, samaki mkubwa mwenye milia anamtazama. Watoto wanaotibiwa hapa wamempa jina la Directeur, yaani Mkurugenzi, kwa sababu hutembea polepole na hapendi kitu kisogezwe bila ruhusa yake.

"Anangoja nitoshe mukono," anasema Mama Albertine bila kugeuka wala kuutoa mkono. "Halafu atangoa. Ile njo kazi yake. Ya kwangu ni kupanda."

Hii ni kliniki ndogo ya watoto katika mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi. Tangi hili lina umri mkubwa kuliko wagonjwa wengi wanaolitazama. Kwa miaka yote hiyo lilipambwa kwa majani ya plastiki, mpaka msimu wa mvua uliopita, Mama Albertine alipoomba kuyatoa na kupanda mimea hai. Ombi hilo nusura limpotezee kazi.

Zamani mama huyu alikuwa akiuza samaki sokoni. "Nilikuwaka nauzisha benye kufwa," anasema na kucheka. "Leo nakula juu ya benye uzima."

Biashara ilipokwama, alipata kazi za nyumbani kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, upande wa Kasapa. Mwalimu huyo alikuwa na tangi la samaki, na kila alipolisafisha alimwekea mfanyakazi wake kiti kando yake. Alimfundisha kwamba sifongo ya chujio huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, kwa sababu ndani yake kuna viumbe wadogo wasioonekana ambao hula uchafu wa samaki. Ukiiosha kwa maji ya bomba, unawaua, na samaki nao hufa.

Mwalimu alipohama mji, angeweza kuliuza tangi hilo. Badala yake alilipeleka kwa gari hadi mlangoni kwa Mama Albertine, mke wake akiwa amepakata ndoo ya samaki njia nzima.

Leo samaki hai ndio wanaomlisha Mama Albertine: anatunza matangi sita, ya kliniki hii, ya mikahawa miwili na ya nyumba za watu. Malipo yake ndiyo kodi na ndiyo unga wa bukari, ugali wa huku.

Wazo la mimea lilitokana na umeme. Ukikatika, pampu husimama, na samaki hupanda juu wakitafuta hewa. Mlinzi wa kliniki, Papa Chishimba, alikuwa akiacha kiti chake getini, anachukua kikombe, anachota maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa. Alifanya hivyo mpaka umeme urudi. Hakuna aliyemtuma.

"Banafungua kinywa sawa batoto benye pumu," anasema Papa Chishimba. "Naweza kubaangalia tu?"

Mama Albertine alimwonea huruma mzee huyo. Alijua kwamba mchana mimea hai huwapa samaki hewa, tena hula uchafu wao. Akaenda kuitafuta kwenye kijito kilicho mbali na machimbo ya shaba. Kabla ya kuileta kliniki aliiweka katika mabeseni uani kwake kwa majuma kadhaa, akiiosha jani kwa jani.

Wala hakuipanda yote kwa siku moja. "Tangi ya zamani haipendake haraka," anaeleza. "Samaki bamezoea. Ukibabadilishia nyumba yote leo, bataogopa." Alianza na pembe moja, akangoja, akahamia nyingine. Mmea wenye mzizi mnene hakuufukia, maana ungeoza. Aliufunga kwenye gogo kwa uzi mweusi wa cherehani.

Mambo yakawa mazuri. Kisha yakaharibika.

Konokono wadogo waliokuja na mimea walianza kudondoka chini. Majani yakageuka kahawia. Samaki wawili wadogo walikufa, na Directeur akalala kwenye changarawe, hataki kula.

Msimamizi wa kliniki, Madame Angélique, si mtu mkali. Lakini asubuhi ile yeye ndiye aliyelazimika kumweleza mtoto mwenye homa kwa nini samaki anaelea.

"Mama, mi nakupenda," alimwambia Mama Albertine. "Mais batoto banakuya hapa bagonjwa, na siye tunabaonyesha kifo? Tosha ile majani. Na kama tangi haiponi, tutaweka televizio."

Mama Albertine alielewa maana yake. Wateja wake wawili walikuwa tayari kupandiwa mimea, ila walisema wataangalia kwanza ya kliniki. Tangi hili likiondolewa, nani angemwamini tena? Aliomba aachiwe mpaka Jumatatu. Madame Angélique alikubali, na akampa ufunguo wake mwenyewe.

Jumamosi alileta beseni kubwa na maji kutoka tangi la nyumbani kwake. Akahamisha samaki wote. Kisha akafanya jambo lililomshangaza Madame Angélique: aliwawekea nusu ya mimea humo humo.

"Unabarudishia tena ile majani?"

"Kama sumu iko mu majani, itabapata hata humu," alijibu. "Tutajua."

Jumapili, baada ya misa, alipita na kitenge chake cha kanisani. Ndani ya beseni Directeur alikuwa akila, na majani yalisimama imara. Mimea iliyobaki ndani ya tangi ndiyo iliyozidi kuoza. Basi ubaya haukuwa kwenye majani. Ulikuwa ndani ya tangi.

Akapapasa chini, changarawe kwa changarawe. Nyuma ya gogo, katikati ya majani, vidole vyake viligusa kitu laini chenye miguu minne. Kilikuwa kobe mdogo aliyechongwa kwa jiwe la malakiti, wa kijani kama majani yaliyomficha.

"Nikakaa chini," anasema. "Nilikuwa naweka mukono pale kila siku, jicho haikuona."

Karibu kila nyumba mjini hapa ina kitu cha malakiti juu ya kabati. Ni jiwe zuri, lakini lina shaba, na likikaa majini shaba hiyo hutoka polepole na kuwa sumu kwa viumbe vya majini. Konokono ndio hutangulia kufa.

Papa Chishimba alipoonyeshwa kobe, alivua kofia. Alimkumbuka Nono, msichana aliyelazwa hapa na kupona. Baba yake, Papa Guelor, ni mchonga malakiti. Alikuwa amemchongea kobe huyo kama zawadi, naye Nono akaamua kumpa Directeur ndani ya tangi, asikae peke yake.

"Ni miye nilimubeba juu afike," alisema mlinzi. "Niliona ni kintu ya muzuri."

"Ni ya muzuri," Mama Albertine alimjibu. "Mutoto amepona, akawaza samaki. Tutamugombeza juu ya ile?"

Jumatatu Madame Angélique alionyeshwa kobe, akaongeza muda. Mama Albertine hakumwaga maji yote. Aliyabadilisha kidogo kidogo, siku baada ya siku, akakata majani yaliyokufa na kuacha mizizi. Samaki walirudi nyumbani kwao wakati konokono wapya walipokuwa wakitembea kwenye kioo bila kudondoka.

Papa Guelor alipoitwa, alikuja na bintiye, uso chini. "Unisamehe, Mama. Kila siku nachonga ile dibwe, sikuwazaka samaki."

"Siye bantu ya hapa tunakula juu ya shaba, Papa," alimwambia. "Samaki, hapana."

Wakubwa wote walicheka. Nono hakucheka. "Na kobe yangu? Atakufwa inje ya mayi?"

Mama Albertine alimpangusa kobe kwa kitenge, akamweka nje, juu ya kabati linalobeba tangi, pua yake ikigusa kioo. "Ona, banaonana. Yee analinda inje, Directeur analinda mu ndani."

Kobe yupo hapo hadi leo. Televisheni haikuja. Madame Angélique amesogeza benchi moja karibu na kioo, ile fupi ya watoto wadogo.

Mkahawa mmoja umekwisha kukubali mimea, na uani kwa Mama Albertine mabeseni yamejaa machipukizi. Anataka kila tangi analolitunza liwe na bustani kabla ya mvua zijazo. Sasa, kabla ya kupanda chochote, huwauliza wenye nyumba swali moja: kuna mtu aliwapa samaki zawadi?

Wagonjwa wa kwanza wanaingia. Mama Albertine anatoa mkono majini na kuufuta. Directeur anatoka nyuma ya gogo, anainama, anang'ata jani jipya na kulivuta mpaka linaelea. Watoto wanapiga kelele: "Mama, amengoa! Amengoa tena!"

"Angoe," anasema Mama Albertine, huku akikunja upya mkono wa blauzi. "Tutaona nani atachoka."