Mama Annonciata wa Nakivale na Neno Lililomponza

Alizaliwa Walungu, Kivu Kusini, mwaka 1941, akabatizwa kwa jina la Annonciata. Alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwishoni mwa 1996, mjane asiye na mtoto, akajitwika kazi ambayo hakutumwa na mtu: kila asubuhi alizunguka kwa wazee wa kijiji chetu akiwapelekea maji na uji wenye sukari. Wema huo ulitutia shaka. Nani agawe mgao wake bure? Tulimtazama kwa jicho la pembeni.

Mwaka 2002 Mzee Musoni, mmoja wa waliopelekewa uji huo, alianza kukonda. Alikunywa maji bila kukata kiu, na kidonda cha mguuni kikagoma kupona. Kwetu Kivu, mtu akikauka hivyo jibu liko tayari: amelishwa karuho, sumu ya polepole. Lakini Annonciata alikuwa ameona sisimizi wakijaa mahali alipokojoa mzee. Akasema mbele ya familia: "Huyu muzee hakukula karuho. Iko na sukari."

Ole wake kwa neno hilo! Gradi, mwana wa Musoni, aliruka: "Basi ni mu sukari ya buyi ndiyo ulimutilia!" Nasi tukasikia tulichotaka, kwamba mama amekiri kutia sumu katika uji. Baraza la kijiji likamwamuru anywe uji wake mwenyewe. Akanywa bakuli zima. Tukasema bila shaka ana dawa ya kuizima sumu yake. Akapewa siku tatu ahame. Hakujitetea, alisema tu: "Mimi munifukuze, sawa. Lakini muzee mumupeleke Mbarara, bamupime damu."

Gradi akampeleka baba yake hospitali ya Ruharo, huko Mbarara, si kwa kumtii Annonciata, bali apate ushahidi wa sumu. Daktari alimchoma mzee kidole. "Sukari ya mzee iko juu sana," alisema. "Mguu inaweza kukatwa, macho inaweza kupofuka. Wazee mingi iko na hii ugonjwa, na hawajui. Nyinyi nani aliwaambia?" Gradi alipeleka majibu hayo kwa baraza. Musoni alipoteza vidole viwili vya mguu, akaishi miaka tisa zaidi. Baraza lilifuta amri yake, ingawa baadhi yetu tulinong'ona kwamba daktari amehongwa.

Annonciata alifariki Februari 2014. Wapo wanaochota udongo wa kaburi lake kutibu vidonda. Kanisa halijathibitisha lolote, nami sisadiki. Ninachosadiki ni wazee kumi na mmoja waliopimwa kwa sababu yake na kupata dawa mapema. Tumwige, ndugu waamini. Mzee wako akikonda, kabla hujauliza nani amemroga, muulize anakojoa mara ngapi.

Mimi ninayeandika haya nilimzuia Annonciata mlangoni mwaka 2004, alipokuja kumwona mama yangu mzazi, Nabintu, aliyekuwa ameanza kukonda. Nilimlinda mama vizuri sana. Alikufa ndani ya nyumba yangu, akiomba maji.