Jirani Aliyetukomboa

Ukikata mnyaa, utomvu wake mweupe hutoa harufu kali inayong'ang'ania kooni. Juzi mjukuu wangu alikuwa akipunguza ua wa minyaa hapa Pongwe, harufu ile ikanirudisha utotoni, Maramba, kwa mama yangu mjane na jirani yetu Mzee Mhina. Mzee huyo sitamsifu kwa kuwa tu amekufa. Hakuwa mtu mwema.

Redio ilikuwa kwake. Alasiri tulikaa uani mwake tukichambua mchicha, stesheni ya ng'ambo ikisema Kiswahili kilichonyooka kama rula. Siku hiyo ilieleza habari za Watibeti, watu wa milima mirefu, ng'ombe wao wana manyoya mpaka chini. Ikasema jirani yao Mchina amewakomboa. Mimi nilidhani Tibeti iko nyuma ya milima ya Usambara, tukipanda tutawaona hao ng'ombe.

Mama akauliza, "Kukomboa? Kwani nani aliwaweka rehani?"

"Mama Zaina, dunia huijui," akajibu Mzee Mhina. "Shughulika na mchicha wako."

Haikupita muda, tukaamka tukakuta ua wa minyaa uliotutenga naye umeng'olewa, umepandwa upya nyuma ya jiko letu. Shamba lote la muhogo, chakula chetu cha mwaka, limeingia kwake. Mama alipokwenda kumuuliza, alicheka.

"Ardhi ya babu zangu hiyo. Na wewe jembe limekushinda. Nimekukomboa."

Watoto wakalidaka neno. Ukinyang'anywa kiazi, unaambiwa umekombolewa. Hata mimi nilicheka, mpaka muhogo ulipokwisha ndani. Mzee Mhina nikimpita nilimwamkia shikamoo, maana adabu ni adabu, lakini moyoni nilimtukana matusi yote niliyoyajua, nayo hayakuwa machache.

Mzee Mhina mwenyewe akawaita wazee, wakakaa baraza uani mwake, wakinywa kahawa yake. Unategemea waseme nini? Shamba ni la Mhina, mama atagawiwa muhogo kila mavuno.

"Haya, mshukuru jirani yako, yaishe," wakamwambia mama.

Mama akatazama chini. Wakamwambia tena. Mzee Mhina akasubiri, anatabasamu. Mama akanishika mkono tukaondoka, na muhogo hatukugawiwa. Mwaka ule tulichimba viazi vya mwituni, vichungu, vya kuloweka. Nilimchukia mama. Neno moja tu, nasi tungekula.

Sasa huyu mjukuu amenisomea habari za Watibeti kwenye simu. Kumbe walikuwa na wafalme wao na maandishi yao. Wala hawakuwa kondoo. Zamani waliwahi kuuteka mji mkuu wa Mchina, na wakaoa kwake pia. Halafu mambo yakageuka, mkuu wao wa dini akakimbilia India.

"Na waliobaki, bibi, wanafundishwa kushukuru."

Nikamwambia anisomee tena hapo.

Miaka yote nilidhani Mzee Mhina alitaka shamba. Shamba alikwisha kulichukua, baraza la nini tena? Alitaka asante. Akaisubiri mpaka anazikwa, na mama yangu, kwa njaa yote ile, hakumpa.