Chupa ya Mkwe

Mwezi uliopita ofisini kwetu Bukoba tulimuaga mwenzetu aliyestaafu. Zawadi ilikuwa chupa ya wiski iliyochorwa jina lake kwenye kioo kwa mashine. Alipoifungua atuonjeshe, harufu ilinipanda puani ghafla, nikatoka nje nikisingizia simu. Nadhani walinichukulia kuwa mlokole. Hapana, wasomaji wangu, bia naifahamu vizuri tu. Chupa yenye jina la mtu ndiyo siiwezi.

Krismasi za utoto wangu tulikula Kagoma, kwa bibi mzaa mama. Ukikaribia nyumba ulipokewa na harufu ya ndizi mbivu zilizofukiwa shimoni. Wajomba walizikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi, bibi akachanganya maji yake na mtama uliokaangwa, na kesho yake ikawa pombe ya rubisi ya wageni wote. Lakini sehemu aliiacha ichachuke zaidi. Hiyo aliiteremsha bondeni karibu na chemchemi, mbali na macho ya mgambo, akaichemsha kwenye pipa lililozibwa kwa udongo. Mvuke ulipita kwenye bomba lililolazwa katika maji baridi, ukatoka upande wa pili tone kwa tone. Matone ya kwanza aliyamwaga, akisema hayo ni ya kumpofusha mtu. Yaliyofuata aliyajaribu kwa kiberiti, na yakiwaka bluu alicheka peke yake. Mwisho aliyatia mtungini pamoja na buni chache za kukaanga, yakakaa humo mpaka yakawa na rangi ya chai. Konyagi ya bibi ilisifika hadi Kemondo.

Haikuwa ya kila mtu. Bibi aliijaza kwenye chupa, akaisukia chupa vazi la nyuzi za mgomba, na katikati akasuka jina la mkwe wake kwa nyuzi zilizotiwa weusi wa tope. Herufi alizijua kutokana na mafundisho ya dini. Chupa ya namna hiyo haigawiwi wala haiwekwi kabatini. Mwenye jina anaionja palepale mbele ya wakwe zake, na hapo amekuwa mtoto wa nyumba. Waume wa mama zangu wadogo wote walikuwa nazo. Baba yangu, Mutalemwa, hakuwa nayo.

Baba alikuwa fundi cherehani, tukiishi Bilele, mjini Bukoba. Bibi alimkataa tangu posa, akiuliza mwanamume asiye na kibanja cha migomba atamlisha mkewe nini, vifungo? Mama akaolewa hivyo hivyo, na tangu hapo kila tukienda Kagoma kazi yake ilikuwa kumsifu mumewe: halewi, hapigi, hakosi misa. Nasi tulikuwa tukimwokota mtaroni. Hata majirani wa Bilele walijua, ila Kagoma hawakujua.

Halafu mwaka mmoja baba akaacha pombe. Aliacha kwa jasho na kutetemeka, mama akimshikilia kitandani, mimi nikiambiwa ni malaria. Cherehani ikaanza kulia tena barazani, nami nilisinzia vizuri nikiisikia. Mwaka huo baba alimshonea bibi gauni la Krismasi. Mkwe hampimi mama mkwe, kwa hiyo vipimo alichukua mama. Gauni likamkaa bibi vizuri mno, na safari hiyo hakuwa na la kusema kuhusu vifungo.

Siku ya Krismasi, baada ya chakula, mjomba aliingia sebuleni na chupa. Nilisoma jina la baba nikapiga makofi. Mjomba alionja kwanza, kama desturi inavyotaka, kisha akamnyooshea baba kwa mikono miwili.

"Mulamu," alisema, akimwita shemeji yake kwa Kihaya, "mama ameifanya kwa mikono yake. Ina jina lako, hakuna mwingine wa kuinywa."

Baba alimtazama mama. Majirani wa Bilele mama alishawaambia kuwa mumewe hanywi tena kwa sababu ya vidonda vya tumbo, kwa hiyo uongo alikuwa nao tayari mdomoni. Lakini mlangoni bibi alikuwa amesimama na gauni lake jipya, macho chini kwa adabu ya ukwe, anasubiri. Mama aliishusha khanga yake magotini, akainyoosha, akainyoosha tena.

"Kasinge, mawe," baba akashukuru. Asante, mama. Akanywa.

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote.

Chupa hiyo haikufika Mwaka Mpya. Cherehani ilianza kunyamaza asubuhi, baadaye siku nzima, na sare za shule za watu zikabaki zimekatwa hazijashonwa. Na kwa kuwa bibi alikuwa amempenda mkwe wake kweli, kila Krismasi aliandaa chupa nyingine. Mama alizipokea kwa mikono miwili.

Nilikuwa sekondari baba alipofariki, tumbo limevimba, macho ya manjano. Bibi alikuja msibani, akaketi mkekani, akamkumbatia mama.

"Mwana wangu, nilichelewa kumpenda," alisema akilia. "Lakini angalau nilimpenda akiwa hai. Si nilimpenda?"

Nilikuwa nimekaa pale pale. Nilingoja mama aseme, hatimaye, yote aliyokuwa ameyameza.

"Ndiyo, mawe," mama alisema. "Ulimpenda sana."

Nilimchukia mama kwa jibu lile kwa miaka mingi. Niliona anaendelea kulinda sifa yake hata mbele ya jeneza. Leo nina umri kama aliokuwa nao siku ile, na nimeelewa kwamba sifa haikuwepo tena ya kulinda. Bibi alikuwa mzee, na mama hakutaka afe akijua ni nini alichokuwa akimpikia mkwe wake.